SOMO: KUMTUNZA MGONJWA, MWILI NA ROHO

Soma: Ayubu 2:11-13, Marko 2:1-12, Yakobo 5:13-16



Tunapokwenda kumtazama mgonjwa, wodini Tarime au Mugumu, au nyumbani kwake, twaenda kufanya nini? Wengi hupeleka uji, huomba haraka, kisha huaga. Hayo ni mema, lakini hayatoshi. Mgonjwa ana mizigo isiyoonekana kwa vipimo: hofu ya kufa, watoto atakaowaacha, ugomvi ambao haujapatanishwa. Daktari Cicely Saunders, Mkristo aliyefungua St Christopher's Hospice huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ni ya mwili, moyo, jamaa na roho kwa pamoja. Naye hakuacha kuwapa wagonjwa dawa.

1. Tukae, tusikilize. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Walikosa walipoanza kumhukumu. Basi tusimwulize mgonjwa ametenda dhambi gani, wala tusimtafutie aliyemroga.

2. Tuombe, na dawa imezwe. Yakobo aagiza wazee wa kanisa waombe na kumpaka mgonjwa mafuta. Hasemi tiba iachwe. Twakumbuka mwaka 2011, watu walipofurika Samunge, Loliondo, ng'ambo ya mbuga yetu ya Serengeti, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Wagonjwa wengine walitolewa hospitali wakafia safarini. Wengine waliacha dawa za UKIMWI. Asiwepo kati yetu wa kumwambia mgonjwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Baada ya "Amina", tumwulize: "Dawa za leo umemeza?"

3. Tumsaidie kupatana. Yule mwenye kupooza alisamehewa dhambi, kisha akasimama. Mgonjwa akitaka kutubu au kupokea Ushirika Mtakatifu, Kasisi aitwe mapema, kabla hajashindwa kusema. Aliye wa dini nyingine tumwombe ruhusa kwanza. Akikataa maombi, tumhudumie vilevile.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Ni nani mtaani kwetu ameugua muda mrefu bila kutembelewa?
(b) Je, yuko aliyeacha dawa? Nani atamrudisha kliniki, na lini?

Tuombe: Ee Bwana, uwabariki waganga, wauguzi na wagonjwa wetu. Utufundishe kukaa nao kwa upendo, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.