KUCHAGUA VIFAA VYA KUPIGA MBIZI: SOMO KWA VIKUNDI VYA PWANI



Vikundi kadhaa vya vijana wa Pwani vimekuja ofisini kwetu na ombi linalofanana. Wavulana na wasichana wamesomea kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Wengine wanataka kuwatembeza wageni kwenye matumbawe. Wengine wanataka kusaidia kuyapanda upya, kama walivyofanya watu wa Wasini wakishirikiana na watafiti wa KMFRI. Kazi hiyo ni ya maana, kwa sababu joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani yetu, na matumbawe ndiyo nyumba ya samaki. Sasa wanauliza: tumeweka akiba, tununue nini?

Hata kama kikundi chenu ni cha kuku au cha nyuki huko bara, msiruke somo hili. Namna ya kununua chombo msichokijua ni moja, kiwe cha baharini au cha shambani.

KISA CHA GEJI ILIYOKWAMA

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kikundi kimoja cha South Coast kiliweka akiba miaka mitatu. Walipopata habari ya mtu anayeuza seti mbili za mitumba kwa bei nafuu, walituletea karatasi ya maombi. Sisi tuliangalia kumbukumbu za mkutano, tukaangalia sahihi ya mwenyekiti, ya katibu na ya mweka hazina. Zote zilikuwa sawa, tukapitisha. Vifaa vyenyewe hatukuviona.

Wiki ya pili vijana wawili walizama mita 15. Mmoja aliangalia geji yake, ikamwonyesha hewa iko nusu. Baada ya muda akaangalia tena, bado nusu. Akafurahi, akadhani amejifunza kupumua polepole. Kumbe mshale ulikuwa umekwama! Mara akavuta pumzi, hakuna kitu. Mwenzake hakuwa na mdomo wa akiba, kwa hiyo wakapokezana mdomo mmoja, huyu pumzi mbili, yule pumzi mbili, mpaka juu. Walipona kwa sababu walikumbuka mafunzo: hawakukimbilia juu, na hawakubana pumzi.

Tulipokaa nao kikao, mzee mmoja mvuvi alituuliza, "Nyinyi watu wa ofisi, mngenunua mashua bila kuitia majini?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumejifunza haya tunayowaandikia.

1. KWANZA IELEWENI HEWA

Katika mtungi mna hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Si oksijeni tupu, kama wengi wanavyodhani. Mtungi wa lita 12 ukijazwa bar 200 hubeba hewa lita 2,400. Mtu mtulivu akiwa juu ya maji hutumia kama lita 20 kwa dakika.

Lakini maji yana uzito. Ukifika mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukifika mita 20, ni mara tatu. Kwa hiyo mita 20 chini utatumia lita 60 kwa dakika. Tena ni lazima urudi juu ukiwa na akiba ya bar 50, yaani lita 600. Fanyeni hesabu: zinabaki lita 1,800, ambazo ukigawa kwa 60 ni dakika 30 tu. Mgeni mwenye wasiwasi hupumua haraka zaidi, basi hata hizo dakika 30 hafikishi.

Ndiyo sababu geji si pambo. Geji ikisema uwongo, uhai wa mtu uko mashakani.

2. NUNUENI KWA MPANGILIO

Kosa la wengi ni kutaka seti nzima siku moja. Sisi tunashauri hatua nne.

Hatua ya kwanza: vitu vinavyokaa kwenye mwili. Hivi ni miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni. Bei yake si kubwa, na kila mtu anahitaji vyake kwa sababu nyuso na miguu hailingani.

Miwani iwe na kioo kigumu cha usalama, na ifunike pua. Ile ya kuogelea isiyofunika pua haifai kuzamia, kwa maana huwezi kupuliza hewa ndani yake, nayo itakubana macho mpaka yavilie damu. Jaribuni hivi: iweke usoni bila kupitisha mkanda kichwani, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha uachie mkono. Ikishika, inakufaa. Ikianguka, tafuta nyingine hata kama rangi yake imekupendeza.

Mrija uwe mfupi na wa kawaida. Tumesikia vijana wanaojaribu kupumulia paipu ndefu ya maji, mwenzao akiishika ncha juu. Msifanye hivyo! Hata mita moja tu chini, maji hukandamiza kifua kiasi kwamba huwezi kuvuta hewa kutoka juu, na hewa chafu uliyoitoa inabaki ndani ya paipu.

Mapezi yasibane vidole wala yasichezecheze. Kwa maji ya joto kama yetu, yale ya kuvaa kama kiatu yanatosha.

Hatua ya pili: suti ya mpira. Maji yetu ni ya joto, lakini mtu akikaa humo nusu saa atasikia baridi. Unene wa milimita 3 unatosha. Suti pia huzuia mikwaruzo ya matumbawe na kuwashwa na viwavi vya baharini.

Hatua ya tatu: kompyuta ya mkononi ya mpiga mbizi. Hii huonyesha kina, dakika, na mwendo wa kupanda. Hewa tunayopumua chini huingiza naitrojeni katika damu. Ukipanda mbio, hutoa mapovu mwilini, na mtu anaweza kupooza au kufa. Mwendo usizidi mita 9 kwa dakika, na ukifika mita 5 simama dakika tatu. Kila mmoja avae yake, wawili wasitumie moja.

Hatua ya nne: jaketi ya hewa na kifaa cha kupumulia pamoja na geji yake. Hivi ni ghali, na vinataka fundi kila mwaka. Kikundi kipya kikodi kwanza kwenye shule ya kupiga mbizi. Mkikodi aina mbalimbali mtajua ipi inawafaa kabla ya kutoa pesa. Mkinunua, hakikisheni kuna mdomo wa pili wa akiba. Yule kijana wetu angekuwa na mwenzake mwenye mdomo huo, kisa chake kingekuwa kifupi.

Mitungi na kompresa viacheni vya mwisho kabisa, au msinunue. Kompresa ya kujaza matairi haifai kwa mapafu ya binadamu, kwa sababu inaweza kuchanganya hewa na mafuta. Na hata kompresa ya kazi hii, ikivuta moshi wa injini, huingiza sumu isiyo na harufu inayoua.

3. MKIPEWA MITUMBA, PIMENI

Nendeni na mtu anayejua, awe mwalimu au fundi. Asiwe jamaa ya muuzaji. Kisha pimeni haya mbele ya wanakikundi:

(a) Mtungi: tazameni begani muhuri wa tarehe ya kupimwa kwa mgandamizo. Kwa kawaida hupimwa kila miaka 5, na ndani hukaguliwa kila mwaka. Usio na tarehe mwachieni mwenyewe.

(b) Kifaa cha kupumulia: kabla ya kukifungulia hewa, vuta kwa mdomo. Hewa isiingie. Ikiingia, pametoboka. Halafu fungua hewa, kitie majini, na utazame mapovu.

(c) Geji: funga mtungi, kisha toa hewa iliyobaki kwenye paipu kwa kupumua polepole. Mshale ushuke taratibu mpaka sifuri. Ukikwama njiani, au ukikataa kufika sifuri, msinunue. Kipimo hiki huchukua dakika moja. Dakika hiyo ndiyo tuliyoikosa sisi.

(d) Paipu: zikunjeni kidogo karibu na chuma. Mkiona nyufa, zibadilishwe.

(e) Jaketi: jazeni hewa, mwiache nusu saa. Ikilegea, inavuja.

Muuzaji akikataa vipimo hivi, mshukuruni na mwende zenu. Na akikubali, bado vifaa vipelekwe kwa fundi kabla ya mtu kuzama navyo. Gharama ya fundi ihesabiwe ndani ya bei. Rahisi huwa ghali.

4. KUTUNZA

Kila mkirudi, osheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Angalieni, visima vingi vya Pwani vina chumvi. Heri maji ya mvua. Kifuniko cha kifaa cha kupumulia kifungwe vizuri kabla ya kukiosha, maji yasiingie. Kausheni kivulini, kwa maana jua hula mpira. Mtungi usiachwe mtupu kabisa. Bakisheni hewa kidogo ili unyevu usiingie.

Mweka hazina afungue mfuko wa matengenezo. Kila kazi ikilipwa, sehemu iwekwe humo kabla ya kugawana. Katibu awe na daftari la vifaa: nani ametumia, lini, ana lalamiko gani. Kifaa kilicholalamikiwa kisitoke mpaka fundi akione, hata kama wageni wanangoja ufukweni.

5. MAMBO MAWILI YA MWISHO

Vifaa havichukui nafasi ya mafunzo. Aliyemaliza kozi ya kwanza asipite mita 18, na asizame peke yake. Kabla ya kuzama, ulizeni hospitali ya kutibu ugonjwa wa mapovu iko wapi na mtafikaje.

Pia wasilianeni na BMU na ofisi ya uvuvi. Bunduki za kuvulia samaki chini ya maji zilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na katika mbuga za baharini kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, hamruhusiwi kuchukua kitu.

Kile kikundi bado kipo. Walirudisha geji na vifaa vya kupumulia, wakalipwa nusu tu ya pesa zao. Kwa sasa wanakodi, na kila mmoja ana miwani na mapezi yake. Yule kijana anazama tena. Huwa anapiga geji kwa kucha mara mbili kabla ya kuingia majini, na wenzake wanamngoja bila kumcheka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kisa hiki, nani alikosea: muuzaji, vijana, au ofisi? Kila mmoja angefanya nini?
2. Je, kikundi chetu kimewahi kununua kitu bila kukijaribu? Nini kilitokea?
3. Nani hapa kijijini anajua chombo tunachotaka kununua? Tumemwuliza?
4. Tuna mfuko wa matengenezo? Kama hatuna, tutaanza na shilingi ngapi, na lini?