Kuhesabu Karata katika Mchezo wa Ishirini na Moja

Mchezo wa ishirini na moja, ambao kwenye kasino na kwenye simu huandikwa "Blackjack", hauhitaji tena safari ya Dar es Salaam. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge anaweza kuucheza usiku ule ule aliolipwa fedha za msimu mzima. Ndiyo sababu tumeuweka katika kijitabu hiki. Hatuuhimizi, ila anayetoa fedha yake ana haki ya kuelewa anachokinunua.

Tuanze na thamani ya karata, kwani hapo ndipo hata wazoefu hukosea. Wengi wetu tulijifunza karata barazani, katika michezo ambamo ree ni 11, saba ni 10, na karata za picha huitwa mzungu wa nne, wa tatu na wa pili kwa kuwa hizo ndizo alama zao. Alama zote ni 120, na mwenye 61 ameshinda. Katika ishirini na moja hesabu hiyo haifai. Karata za 2 hadi 10 huhesabiwa kama zilivyoandikwa, hivyo saba ni saba tu. Mfalme, malkia na ghulamu kila mmoja ni 10. Ree ni 1 au 11, kwa jinsi inavyomfaa aliyeishika: ree na 6 ni 17, lakini ikiongezeka 9, ree hurudi kuwa 1 na jumla huwa 16. Kopa, shupaza, uru na pau hazibadilishi kitu. Misafara iliyopita Tabora kwenda Ujiji ilipima nguo kwa doti ya mikono minane, na mkono wa mrefu si mkono wa mfupi. Ni busara kuuliza kipimo kabla ya kulipa.

Mchezaji hushindana na mgawaji peke yake, si na walioketi naye. Hupewa karata mbili, naye mgawaji huonyesha moja kati ya zake. Mchezaji aweza kuongeza karata au kutosheka. Mgawaji hana hiari hiyo: sharti aongeze akiwa na 16 au pungufu, na husimama afikapo 17, ingawa baadhi ya kumbi humtaka aongeze kwenye 17 yenye ree. Aliye karibu zaidi na 21 bila kuivuka hushinda. Wakilingana, dau hurudi.

Faida ya ukumbi imejificha katika utaratibu wa zamu. Mchezaji hutangulia, na akivuka 21 dau lake huchukuliwa papo hapo, hata kama mgawaji naye atavuka baadaye. Mwenye 16 akiongeza karata, kati ya aina 13 zilizopo ni tano tu, yaani ree hadi 5, zisizomwangusha. Hakuna hila ya kuliepuka jambo hili kabisa.

Someni pia malipo ya ree na karata ya 10 zikija pamoja tangu mwanzo. Ukumbi unaolipa 3 kwa 2 humpa mwenye dau la shilingi 10,000 faida ya 15,000. Unaolipa 6 kwa 5 humpa 12,000 tu, kwa mkono ule ule. Tofauti hiyo huandikwa kwa herufi ndogo. Ile "bima" inayotolewa mgawaji anapoonyesha ree ni dau jingine tu, nayo humpotezea mchezaji kadiri siku zinavyokwenda, kwani hulipa 2 kwa 1 ilhali karata zenye thamani ya 10 ni aina nne tu kati ya 13.

Kwenye simu mkono mmoja huisha kwa sekunde chache. Dau la shilingi 2,000 kwa mikono 60 ni shilingi 120,000 zilizowekwa mezani, hata kama mfukoni zilikuwamo 20,000 zikizunguka.

Mchezo huu, uwe ukumbini au mtandaoni, huhitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Ombeni kuonyeshwa leseni kabla ya kuweka fedha. Hifadhini ujumbe wa kila muamala wa simu. Malalamiko yasiyo na tarehe, kiasi na namba ya muamala ni vigumu kuyafuatilia.