Kabla ya Kulipia Masomo ya Kuimarisha Maombi ya Udaktari

Nchini Marekani, zaidi ya nusu ya wanaoomba nafasi katika vyuo vya udaktari vya MD kila mwaka huikosa. Wengi wao hushauriwa warudi darasani ili kuimarisha maombi yao, na vyuo kadha wa kadha huwauzia masomo ya namna hiyo kwa maelfu ya dola. Tumeliandika somo hili kwa ajili ya mwanafunzi na familia inayomlipia karo, ili wajue wanachokinunua kabla ya kutia saini.

Aina mbili za programu

Aina ya kwanza ni masomo ya baada ya shahada ya kwanza, ambayo hufundishwa kwa kiwango kilekile cha shahada ya kwanza: biolojia, kemia, fizikia na mengineyo. Humfaa aliyesomea fani nyingine na sasa anataka udaktari, na vilevile aliyesoma sayansi akapata alama za chini. Aina ya pili ni shahada maalumu ya uzamili, ya mwaka mmoja au miwili, ambayo mara nyingi humpa mwanafunzi kozi zinazolingana na za mwaka wa kwanza wa udaktari.

Tofauti kubwa ya aina hizi mbili ni nadra kuonekana katika matangazo. AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vingi vya MD, hujumlisha alama za aina ya kwanza katika wastani wa shahada ya kwanza. Alama za uzamili huhesabiwa peke yake.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi amehitimu kwa krediti 120 na wastani wa 3.0. Akiongeza krediti 30 za aina ya kwanza na kupata 4.0 katika zote, wastani wake utapanda hadi 3.2. Akisoma krediti 30 za uzamili kwa ufaulu huohuo, wastani wa shahada ya kwanza utabaki 3.0, na kando yake utaandikwa wastani wa uzamili wa 4.0. Aidha, kurudia kozi hakufuti alama ya awali: AMCAS huzihesabu zote mbili.

Tambua kwanza upungufu wako

Ikiwa kinachokuangusha ni wastani wa shahada ya kwanza, aina ya kwanza ndiyo inayougusa moja kwa moja. Ikiwa wastani huo hauwezi tena kupanda sana, uzamili waweza kuonyesha kwamba sasa unamudu masomo mazito. Hata hivyo, uzamili huu ni upanga ukatao kuwili: atakayepata alama hafifu katika kozi zinazofanana na za udaktari atakuwa amevipa vyuo sababu mpya ya kumkataa. Na ikiwa upungufu ni alama za mtihani wa MCAT, au kukosa uzoefu wa kuwahudumia wagonjwa, karo peke yake haitauondoa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Kati ya wote walioanza programu, wangapi waliingia chuo cha udaktari? Takwimu nzuri huweza kupatikana kwa kuwahesabu waliomaliza tu, au waliopewa barua ya mapendekezo tu. Omba idadi ya walioanza.

2. Je, chuo kinaahidi nafasi, au usaili tu? Ahadi nyingi hufungwa kwa masharti ya wastani na alama za MCAT. Yaombe masharti hayo kwa maandishi.

3. Je, chuo kina ithibati, na kozi zitaandikwa kuwa za shahada ya kwanza au za uzamili?

4. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na ada ndogondogo, makazi na bima ya afya? Ukijiondoa, utarudishiwa nini, na mwisho wa kudai ni lini?

5. Je, programu inastahili mikopo ya serikali ya shirikisho? Baadhi ya programu za cheti hazistahili. Kwa uzamili, kuanzia tarehe 1 Julai 2026 wakopaji wapya hawapewi mkopo wa Grad PLUS, na mkopo wa serikali una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka. Kinachozidi hapo huenda kikatoka kwa mkopeshaji binafsi, kwa riba na masharti yake.

Familia zilizotoka nje ya Marekani ziongeze swali la sita. Vyuo vingi vya udaktari hupokea raia na wakazi wa kudumu tu. Mwenye viza ya mwanafunzi na avitafute kwanza vyuo vitakavyompokea, ndipo alipie maandalizi.

Linganisha na njia ya gharama nafuu

Kozi za sayansi huweza pia kuchukuliwa moja moja katika chuo kikuu cha umma cha jimbo lako, bila kujiunga na programu rasmi. Alama zake huingia katika wastani uleule. Programu rasmi huongeza ushauri, ratiba na barua. Jiulize kama hayo yana thamani ya tofauti ya bei.

Mali bila daftari huisha bila habari. Hifadhi kila tangazo, barua pepe na mkataba. Ukiona kwamba ulivutwa kwa takwimu au ahadi zisizo za kweli, unaweza kuwasilisha malalamiko katika ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo lako.