Daftari la Madeni: Somo Fupi Juu ya Kasi na Siri za Hifadhidata

Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotutaka kila mmoja aandike somo juu ya jambo analolielewa, wenzangu wengi walikimbilia methali na ngeli. Mimi nimechagua hifadhidata. Najua kuna watakaosema, "Aa, hilo ni la maabara ya tarakilishi, linatafuta nini katika jarida la Kiswahili?" Basi nami nawauliza, mama zetu watakaoandikwa majina yao humo wataelezwa kwa lugha gani? Tena ninayo sababu nyingine ya kuandika, na hiyo si ya kujivunia.

Mama yangu ana kioski hapa Mutuini. Huuza unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupima. Wateja wengi hukopa wakalipa mwisho wa mwezi, na kila deni huandikwa katika daftari moja lililochakaa kwa kushikwashikwa. Jioni watu wanaposhuka kwenye matatu, utamwona mama akilipekua daftari hilo mbele nyuma akitafuta jina la mtu mmoja, na foleni imefika barabarani. Siku moja nikamwambia, "Mama, niachie hii kazi. Nitaiweka kwa tarakilishi."

Alinikubalia. Nikanakili majina 143, nambari za simu na madeni yote katika tarakilishi ya shule baada ya masomo. Kazi ikapendeza! Ukiandika herufi tatu tu, jina hilo hapo. Nilijiona profesa. Jioni moja kengele ya kwenda nyumbani ikalia, nikachukua mkoba nikatoka mbio. Sikufunga faili. Nenosiri sikuwa nimeweka hata la bandia.

Kesho yake asubuhi nilikuta mwenzetu mmoja amebandikwa jina jipya. Walikuwa wakimwita "Elfu Mbili". Deni la mama yake katika faili langu lilikuwa shilingi 2,340. Mwenzetu huyo alikaa kimya siku nzima, akiangalia dawati. Jioni mama yake akaja kioskini, akahesabu noti na sarafu moja moja hadi 2,340 zikatimia. Akamwambia mama, "Kumbe deni langu husomwa shuleni." Hakungoja jibu. Tangu siku hiyo hununua unga kule mbele, akipita mlangoni petu bila kugeuka.

Nilitaka kasi, nikaipata. Kilichonipita ni lile jambo la pili, na ndiyo maana nikaanza kusoma.

KWANZA, KASI

Hifadhidata ni mkusanyo wa habari zilizopangwa ili zitafutwe, ziongezwe na kubadilishwa kwa urahisi. Nyingi tunazotumia huzipanga habari katika majedwali yenye safu na mistari. Wazo hilo lilielezwa mwaka wa 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM kule California. Kabla yake, aliyetaka habari ilimbidi ajue zimewekwa wapi hasa ndani ya mashine. Codd alisema mtu aulize tu anachotaka, njia ya kukifikia itafutwe na mashine yenyewe.

Lakini mashine inatafutaje? Chukua daftari la mama. Halina mpango wa alfabeti, kwa hiyo kumpata mteja wa mwisho lazima upitie majina yote 143. Sasa yapange kwa alfabeti. Fungua katikati. Jina unalotaka liko mbele au nyuma? Tupa nusu isiyohusika, fungua tena katikati ya nusu iliyobaki. Kwa njia hii majina 143 hayakuchukui zaidi ya hatua 8. Na majina milioni moja je? Usiseme elfu. Ni hatua 20! Hebu jaribu mwenyewe kwa kugawa milioni kwa mbili, tena kwa mbili, mpaka ubaki na moja. Mimi nilifanya hivyo mara tatu kwa kutoamini.

Mpango huu huwekwa kando ya jedwali, kama faharasa iliyo mwisho wa kitabu. Mwaka wa 1972 Rudolf Bayer na Edward McCreight, waliokuwa katika kampuni ya Boeing inayounda ndege, walichapisha namna ya kuujenga mfano wa mti wenye matawi mengi, ili badala ya kuchagua kati ya njia mbili kila mara, mashine ichague kati ya mamia. Mti huo bado unatumika hadi leo. Faharasa haiji bure, lakini. Kila ukiongeza mteja unaandika mara mbili, katika jedwali na katika faharasa. Mwenye kuweka faharasa juu ya kila safu atatafuta upesi na kuandika polepole.

Mfano wa karibu kabisa ni M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007. Unapomtumia nyanya shilingi 500, kuna mambo mawili: kwako zitoke, kwake ziingie. Je, umeme ukikatika katikati? Hifadhidata njema huyafunga mambo hayo mawili kuwa moja. Yatimie yote, au yasitimie hata moja. Hakuna pesa zinazobaki njiani. Umbali nao una neno. Kwa miaka kadhaa mitambo mikuu ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani, na kila muamala ulisafiri bara hadi bara ingawa mtumaji na mpokeaji wako kijiji kimoja. Mwaka wa 2015 mitambo hiyo ilihamishiwa Kenya.

PILI, SIRI

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hivyo nitakaa zaidi.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha, na hutaja waziwazi kwamba habari za familia yake au mambo yake ya binafsi zisidaiwe wala zisifichuliwe bila sababu. Sheria ya kulinda data ikafuata mwaka wa 2019. Sheria hiyo hutenga data nyeti na data ya kawaida. Miongoni mwa data nyeti ni hali ya afya, kabila, dini, alama za mwili kama za vidole na mboni ya jicho, mali ya mtu, ndoa, hata majina ya watoto na wazazi wake. Data ya mtoto haishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Na data ikivuja kiasi cha kuweza kumdhuru mwenyewe, anayeitunza ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data.

Mtu asidhani ni sheria ya kuwekwa kabatini. Mwezi wa Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, si mbali na hapa kwetu, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha tu! Mwaka huohuo watu walipanga foleni ndefu katika jumba la KICC mjini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wapate sarafu za kidijitali. Serikali iliusimamisha mradi huo mwezi wa Agosti, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ya Wakenya ifutwe. Nenosiri likiibwa utaweka jingine. Jicho utabadilisha na lipi?

Sasa, siri hulindwaje ndani ya hifadhidata? Njia moja ni kufumba. Watoto wa pwani huzungumza kinyume, silabi ya mwisho ikatangulizwa, sukari ikawa risuka. Hilo ni fumbo jepesi, na waswahili walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Lakini mafumbo ya tarakilishi yamempita huyo mwerevu. Lile litumiwalo sana huitwa AES. Lilitungwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, likakubaliwa na serikali ya Marekani kuwa kipimo rasmi mwaka wa 2001. Namna linavyofumba si siri, mtu yeyote anaweza kuisoma. Siri iko katika ufunguo peke yake. Ufunguo ukiachwa juu ya meza, umefanya nilichokifanya mimi.

Manenosiri hayafumbwi hivyo. Hayo husagwa. Mahindi yakishapita kwenye kinu cha posho yamekuwa unga, na hakuna kinu cha kuurudisha unga uwe mahindi. Ukiandika nenosiri lako, mashine hulisaga na kulinganisha unga na unga. Kabla ya kusaga huongezwa tarakimu za kubahatisha, na wataalamu huziita chumvi kwa kweli, sijatunga mimi. Kwa sababu ya chumvi hiyo, watu wawili wenye nenosiri moja hupata unga tofauti. Na hapa kuna ajabu niliyoipenda kuliko zote. Kinu hiki hutengenezwa kiwe cha polepole kwa makusudi! Wewe mwenye nenosiri husagi ila mara moja, hutahisi kuchelewa. Mwizi anayebahatisha mamilioni atachoka.

Kwingineko polepole ni hasara, na ndiko kasi na siri zinapogombana. Deni la 2,340 na la 2,350 yamepakana, lakini ukishayafumba hayafanani hata kidogo, kwa hiyo huwezi kuyapanga kwa ukubwa. Faharasa inakufa. Mama akiniuliza nani wana deni kupita 2,000, itabidi nifumbue yote 143 moja moja. Kwa kioski si neno. Kwa hospitali yenye wagonjwa laki tano ni balaa. Ndiyo maana wengi hufumba safu nyeti tu, na nyingine wakaziacha wazi na kuziwekea ulinzi wa nani aruhusiwe kuona nini. Wako pia wanaotaka mashine ijumlishe hesabu bila kuzifumbua kabisa. Mwaka wa 2009 Craig Gentry alionyesha kwamba inawezekana kwa hesabu ya aina yoyote ile. Ubaya ni kwamba njia hiyo bado ni nzito mno kuliko hesabu ya kawaida. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi ya miaka ijayo ilipo, na nisiposhindwa hisabati ningependa niwepo.

Faili la shuleni nimelifuta, pamoja na nakala yake. Mwenzetu yule nilimwomba radhi nyuma ya maabara. Alisema "sawa", ila hatuketi dawati moja tena. Mama amerudi kwa daftari, lakini si kama lile la zamani. Tumempa kila mteja nambari, na katika daftari la juu ya kaunta kuna nambari na deni, basi. Orodha ya nani ana nambari gani iko katika kijitabu kingine anachokitia mfukoni mwa aproni. Juzi jioni foleni ilifika barabarani tena, mama akifungua daftari, akitoa kijitabu, akirudi kwa daftari.

"We mwanangu," akasema bila kuinua macho, "si uliniambia hii kazi itakuwa ya haraka?"