TIBA YA KINGAMWILI KWA NJIA YA MSHIPA
Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Wananchi wanafahamishwa kuwa dawa iitwayo imunoglobulini, itiwayo mwilini kwa dripu, si antibayotiki wala si dawa ya kuongeza nguvu. Hiyo ni kingamwili ya watu wengine. Maji ya manjano ya damu, yaani plazma, hukusanywa kutoka kwa maelfu ya wachangiaji, kisha kingamwili hutengwa na kusafishwa ili virusi visibaki. Bei yake kwa hivyo ni kubwa, na pasipo wachangiaji dawa hiyo haipatikani.

Mwaka 1952 Dk. Ogden Bruton wa Marekani alitangaza habari za mtoto wa miaka 8 ambaye mwili wake haukuweza kutengeneza kingamwili. Alimtibu kwa sindano za chini ya ngozi. Siku hizi wagonjwa wa namna hiyo wanaotumia dripu huipata kila baada ya wiki 3 au 4, kwani kingamwili iliyotiwa hupungua kwa nusu katika muda wa wiki 3 hivi.

Mwaka 1981 Dk. Paul Imbach na wenzake huko Bern, Uswisi, walionyesha kuwa dawa hiyo hiyo huwafaa watoto ambao miili yao huharibu chembe za kugandisha damu. Hutumika pia kwa ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao hupoozesha viungo kuanzia miguuni.

Wazazi wazingatie zaidi ugonjwa wa Kawasaki, ambao huwapata hasa watoto wa chini ya miaka 5. Homa hudumu siku 5 au zaidi. Macho huwa mekundu bila ya usaha, midomo hupasuka, vipele hutokea, mikono na miguu huvimba. Dalili zote si lazima zionekane pamoja. Asipotibiwa, mtoto 1 kati ya 4 hivi huharibika mishipa inayolisha moyo. Akipewa gramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake, kabla ya siku ya 10 ya homa, hatari hiyo hushuka hadi 1 kati ya 20 hivi. Mzazi aiandike tarehe ya kuanza homa na kumweleza daktari.

Dripu hiyo huenda polepole, saa 10 hadi 12, chini ya uangalizi; yaweza kuleta maumivu ya kichwa, baridi, na mara chache madhara ya figo au damu kuganda. Aidha, chanjo ya surua huahirishwa kwa miezi 11 baada ya kipimo hicho, hivyo tarehe ya tiba iandikwe katika kadi ya kliniki ya mtoto.