Msimbo wa Mradi Wako Ukae Wapi?

Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zikiendelea, watu wachache walijenga Ushahidi ili Wakenya watume waliyoyashuhudia kwa SMS au intaneti, yakaonekana kwenye ramani. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Iliweza kusafiri hivyo kwa kuwa msimbo wake ni huria, na leo uko kwenye tovuti ya GitHub, yeyote auchukue.

Anayeanza mradi wake Kilimani au Kawangware, Nairobi, kwa kawaida huuliza bei kwanza. Bei haina uzito hapa: tovuti za kuhifadhi msimbo kama GitHub, GitLab na Codeberg hazitozi chochote kumwekea mtu mradi wa wazi. Mimi huuliza hivi: siku ya kuhama, utaondoka na nini?

Kuhama kupo. Google Code, tovuti ya aina hiyo, ilianza 2006, ikatangaza Machi 2015 kwamba inafunga, na Januari 2016 ikafungwa. Bitbucket, tovuti nyingine ya aina hiyo, ilifuta miradi iliyotumia Mercurial, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, mwaka 2020. Msimbo wenyewe hauna shida kubwa, maana Git, programu ya kazi hiyohiyo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mshiriki nakala kamili pamoja na historia yake yote. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa ya kusuasua, mwenye nakala kwenye laptopu aliweza kuendelea na kazi, akatuma mabadiliko baadaye.

Kinachopotea ni mazungumzo: ripoti za hitilafu, na hoja zilizofanya badiliko fulani likataliwe. Hayo hayamo ndani ya Git, na ndiyo yanayomfundisha mgeni mradi ulivyo. Basi, kabla ya kujiandikisha, jaribu kuyapakua. Usipoona njia, tafuta kwingine.

GitHub, mali ya Microsoft tangu 2018, ndiko wasaidizi wengi tayari wana akaunti, na kwa mradi mchanga hilo ni jambo kubwa. Lakini inafuata sheria za Marekani: mwaka 2019 watumiaji wa Iran, Syria na Crimea walinyimwa baadhi ya huduma zake. Codeberg ni ya shirika lisilo la faida la Berlin. Ningeanza GitHub, niweke nakala ya pili Codeberg. Seva yako mwenyewe iache mpaka apatikane wa kuilinda usiku stima ikipotea.

Weka faili ya leseni siku ya kwanza. Bila leseni, msimbo unaoonekana na wote bado si huria. Akaunti iwe ya kikundi, yenye wamiliki wawili au zaidi. Nimeona mradi ukikwama kwa sababu simu ya mmiliki pekee iliibwa, na namba za kuthibitisha zilikuwa humo. Namba za kurejesha akaunti ziandike kwenye karatasi, zihifadhiwe nyumba mbili tofauti.