Kabla ya Kwenda Wasini, Uliza Mwezi Una Siku Ngapi

Mgeni akifika Shimoni huuliza boti inaondoka saa ngapi. Mwenyeji wa Wasini huuliza kwanza mwezi una siku ngapi. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama msafiri atakanyaga mchanga au atakuta maji, na kama bahari itamvuta au itamwacha aelee kwa utulivu. Makala haya yanaeleza namna ya kufanya hesabu hiyo, ili mkazi wa Kwale anayepanga kwenda kisiwani na kwenye mbuga ya bahari ya Kisite achague siku inayomfaa yeye na isiyoyaumiza matumbawe.

Wasini ni kisiwa chembamba katika kaunti ndogo ya Lunga Lunga, ng'ambo ya Shimoni. Kutoka Likoni, magari ya Lunga Lunga hupita Ukunda, Msambweni na Ramisi. Abiria hushuka Kanana na kumalizia safari hadi Shimoni kwa matatu au bodaboda. Kisiwani hakuna magari. Kuna kijiji cha Wasini upande wa magharibi na Mkwiro upande wa mashariki, na watu wa huko ni Wavumba, wenye lahaja yao ya Kivumba. Nje zaidi, kuelekea kusini, ndiko viliko visiwa vidogo vya Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, na kisiwa cha Kisite ambacho ni jiwe tupu na ndege wa baharini.

Hesabu ya maji

Bahari yetu hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na hapo huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani hii tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huweza kuzidi mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, kwenye siku ya saba au ya nane na tena siku ya ishirini na mbili hivi, mivuto hiyo hupingana na maji hayasogei sana. Hayo ndiyo maji mafu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba saa nazo hufuata mwezi. Katika siku za bamvua, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo anayejua kwamba leo ni mwezi mosi anaweza kukisia kwamba siku ya nne maji yatapwa baada ya saa sita mchana, na kufikia siku ya nane mambo yatakuwa yamegeuka: asubuhi ya saa nne maji yamejaa, na kupwa ni alasiri. Kilele cha bamvua huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Hii ni hesabu ya makisio, lakini wavuvi wameishi kwayo. Anayetaka dakika kamili atazame jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari (KPA).

Matumbawe ya nchi kavu

Ziara nzuri ya Wasini huanzia kwenye matumbawe yaliyokufa zamani, ndipo mtu aende kuona yaliyo hai. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe, uwanja wenye miamba ya kijivu iliyochongoka, mingine mirefu kuliko mtu, ikisimama kwenye matope na mikoko. Miamba hiyo ilijengwa chini ya bahari na viumbe walewale wanaojenga miamba ya Kisite leo. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa. Iliposhuka, matumbawe yakabaki juu na kufa. Ukitazama kwa karibu bado utaona alama za vijumba vya viumbe hao ndani ya jiwe.

Njia ya kupitia ni daraja la mbao lililoinuliwa juu ya matope, na linaendeshwa na kikundi cha akina mama wa Wasini. Kiingilio kinachotozwa hapo huingia katika shughuli zao za kijamii, basi asiwepo mtu wa kubishana bei kama yuko sokoni. Hapo mtu hujifunza pia kutofautisha mikoko: mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaotoa mizizi ya kupumulia kama penseli zilizochomekwa matopeni, na mkandaa ambao magome yake yalitumiwa kupaka rangi.

Bamvua ikijaa, maji huingia mpaka chini ya daraja na bustani yote hugeuka ziwa. Wengine hupenda kuiona hivyo. Anayetaka kuona mawe yenyewe, kaa na chaza, afike maji yakiwa yamepwa.

Kwa wenye miguu, iko njia ya kutoka kijiji cha Wasini hadi Mkwiro, ikipita kwenye vichaka na mibuyu juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hilo hukata. Kandambili hazifai hata kidogo. Kisiwa hakina mto, na maji ya kunywa kwa miaka mingi yametegemea mvua iliyokingwa na maji yanayovushwa kutoka bara. Kila mgeni abebe maji yake. Tena, hiki ni kijiji cha Waislamu wanaoishi maisha yao ya kila siku: mtu akitoka kuogelea ajifunge leso au avae shati kabla ya kupita mbele ya milango ya watu, na asimpige mtu picha bila kuomba.

Kisite, chini ya maji

Mbuga ya Taifa ya Bahari ya Kisite ina kilomita mraba 28, na Hifadhi ya Mpunguti iliyo kando yake ina kilomita mraba 11. Zote ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Tofauti yake ni muhimu kwa jamii za uvuvi: ndani ya mbuga hakuna kuvua kabisa, na ndani ya hifadhi uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Ada ya kuingia hulipwa kwa mfumo wa eCitizen na si kwa pesa taslimu, na raia wa Kenya hulipa kiasi kidogo kuliko wageni wa nje. Malipo yafanywe kabla ya kupanda boti.

Anayeogelea kwa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia ataona kangaja, vikande, chewa na, akibahatika, kasa akila nyasi za bahari bila kumjali. Atulie asikilize: kuna mlio kama wa mtu anayetafuna karanga. Huyo ni pono, anayekwangua mwani kwenye mawe kwa meno yake magumu na kutoa mchanga baadaye. Sehemu ya mchanga mweupe ambao watu huusifia katika fuo zetu imepita tumboni mwa samaki huyu.

Kikande naye ana kazi yake. Hula wale viumbe wenye miiba mirefu meusi ambao, wakizidi, huitafuna miamba hadi ikabaki vifusi. Pale kikande alipovuliwa kupita kiasi, viumbe hao huongezeka na matumbawe hudhoofika. Ndiyo maana eneo lililofungwa linawafaa hata wavuvi walio nje yake: samaki hukua humo, huzaa, na wengine huvuka mpaka.

Lakini tumbawe ni mnyama dhaifu. Ni mkusanyiko wa viumbe wadogo laini wanaojijengea nyumba ya chokaa na kuishi pamoja na mwani mdogo sana unaowapa chakula na rangi. Bahari ikipata joto kupita kiasi, mwani huo huondoka na tumbawe hugeuka jeupe. Joto likidumu, hufa. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua matumbawe mengi katika pwani ya Kenya, na mwaka 2016 weupe huo ulionekana tena. Tumbawe la duara huongezeka kwa takriban sentimita moja kwa mwaka. Kichwa chenye upana wa meza, basi, kimeanza miaka mingi sana iliyopita, na kisigino kimoja cha mtu aliyechoka kuogelea kinaweza kukiumiza.

Hapa ndipo hesabu ya mwezi inaporudi. Katika kupwa kwa bamvua, kipande cha mchanga hujitokeza Kisite na picha zake hupendeza. Siku hizohizo ndizo maji yanapokuwa haba juu ya matumbawe, na maji yakianza kujaa mkondo huwa na nguvu. Mtu asiyezoea hushikwa na hofu na kusimama, na anachosimamia ni tumbawe. Kwa anayeanza, kwa watoto na kwa wazee, maji mafu ndiyo bora: saa nne asubuhi maji yamejaa, mkondo ni mdogo, na kuna nafasi ya kutosha kati ya miguu na mwamba. Anayetaka mchanga achague bamvua, afike mapema, aogelee maji yakiwa yametulia kati ya kupwa na kujaa, kisha apande boti.

Msimu nao ni wa kuangaliwa. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na maji maangavu. Kusi huchafua bahari, hasa Juni hadi Agosti, ingawa ndiyo miezi ambayo nyangumi hupita katika mkondo wa Pemba, kuanzia Julai hivi. Pomboo huonekana mwaka mzima. Nahodha mzuri hupunguza mwendo na kuwaacha waje wenyewe. Abiria wasimshinikize awafukuze, maana pomboo anayefukuzwa huacha kula na kunyonyesha.

Kila abiria adai jaketi la kuokoa maisha na alivae, hata anayejua kuogelea, hata kwa safari fupi ya kuvuka kutoka Shimoni. Jaketi hilohilo humsaidia anayeogelea aelee bila kutafuta pa kukanyaga. Fulana ya mikono mirefu hukinga jua vizuri kuliko mafuta, ambayo mengine yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Makombe na vipande vya tumbawe, hata vilivyokufa, haviruhusiwi kuondolewa mbugani.

Wengi hurudi Wasini kwa chakula cha mchana: samaki, wali wa nazi, kaa, na mwani wa baharini uliopikwa, ambao wageni huanza kuuonja kwa mashaka. Mwani hulimwa pia Kibuyuni, bara, umbali mfupi kutoka Shimoni, na akina mama wa huko huuza sabuni iliyotengenezwa kwayo. Katika siku za bamvua ni vyema kumuuliza nahodha kabla ya kuketi kula ni saa ngapi anataka kuvuka kurudi, kwa sababu maji hayo ya jioni hayamngojei mtu amalize kaa wake.